Pilipili haikuunguzi, inakudanganya: Kinachotokea usoni, kuanzia jikoni Machame hadi kwa tembo wa Kilimanjaro

Ni jioni, Machame. Ndizi nyama inachemka jikoni na kijana aliyerudi likizo kutoka Dar amepewa kazi moja tu, kukata kachumbari. Vitunguu anavimaliza huku machozi yakimtoka. Anakata pilipili mbuzi mbili, anajifuta jasho, na kidole kinapita kwenye kona ya jicho.

Sekunde chache baadaye yuko nje bombani. Jicho limefumba, kamasi zinachuruzika, anaruka ruka kama mtoto.

"Si nilikwambia unawe mikono kwanza, mume wangu?" bibi yake anamcheka kutoka mlangoni.

Kila aliyewahi kupika anaijua hali hii. Lakini mchunguze kijana huyo vizuri, utakuta kitu cha ajabu. Hana jeraha la moto wala lengelenge, na hakuna kitu cha moto kilichomgusa. Ila yeye anaapa kwamba jicho linaungua.

Huo moto anaousikia unatoka wapi?

Jibu liko kwenye neva mbili za uso, yaani mishipa ya fahamu, ambazo zinafanya kazi pamoja. Na jibu hilohilo linaeleza kwa nini pilipili imekuwa silaha ya wakulima upande wa pili wa mlima, wanaolala shambani wakilinda mahindi yasiliwe na tembo.

Neva mbili, kazi mbili

Ubongo wa binadamu una jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kichwani. Kwa habari ya uso, mbili ndizo kubwa: ya tano na ya saba.

Neva ya tano madaktari huiita trijemina, kwa sababu ina matawi matatu. Tawi la kwanza linakwenda kwenye paji la uso na jicho. La pili linakwenda shavuni, puani na kwenye meno ya juu. La tatu linashuka hadi taya la chini, meno ya chini na ulimi. Kazi yake kuu ni kuleta habari: mguso, joto, baridi na maumivu. Ukiumwa jino, ukipigwa na upepo wa baridi wa mwezi wa saba, au ukipata pilipili jichoni, yeye ndiye anayepeleka taarifa ubongoni.

Neva ya saba inafanya kazi ya upande wa pili. Yenyewe inabeba amri. Ndiyo inayokufanya ucheke, ukunje uso na ufumbe macho. Ndiyo pia inayoamuru machozi yatoke, kamasi zitiririke na mate yajae mdomoni.

Kwa hiyo yaliyompata kijana wa Machame yako hivi: neva ya tano imepiga kengele, ubongo umesikia, na neva ya saba imefunga mlango na kufungulia maji. Kufumba jicho, machozi na kamasi vyote ni ulinzi. Mwili unajaribu kuosha kitu ambacho umeambiwa ni hatari.

Tatizo ni kwamba taarifa yenyewe ilikuwa ya uongo.

Ufunguo bandia kwenye kengele ya moto

Ndani ya pilipili kuna kemikali inaitwa kapsaisini. Wengi wanaamini ukali uko kwenye mbegu, lakini sehemu yenye kapsaisini nyingi zaidi ni ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zinakuwa kali kwa sababu zimegusana nao.

Kapsaisini ikifika kwenye ncha za neva ya tano, inakutana na kipokezi kinachoitwa TRPV1. Kichukulie kama mlango mdogo kwenye ukuta wa seli ya neva. Kwa kawaida mlango huu unafunguka joto likifika nyuzi 43 za Selsiasi hivi, kiwango ambacho mwili unaanza kukihesabu kuwa cha hatari. Ukifunguka, chembechembe zenye chaji zinaingia ndani ya seli, neva inashtuka, na ujumbe unakimbia kwenda ubongoni ukisema: "Moto!"

Kapsaisini ni kama ufunguo bandia. Inaufungua mlango huohuo bila joto lolote. Ubongo hauna namna ya kutofautisha, kwa sababu neva ni ileile na ujumbe ni uleule. Ndiyo maana watu wa lugha nyingi duniani wanasema pilipili "inaunguza" au ni "ya moto". Hawajatia chumvi, ndivyo ubongo unavyoambiwa.

Hii pia inaeleza kwa nini chai ya moto baada ya pilipili ni mateso. Kapsaisini inafanya mlango ule uwe mwepesi kufunguka, kwa hiyo chai uliyozoea kuinywa bila shida leo inaonekana imetoka motoni sasa hivi.

Siri hii haina muda mrefu tangu ifichuliwe. Mwaka 1997 timu ya David Julius katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilikitambua kipokezi hicho kwa kukitafuta kwa kutumia kapsaisini. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba, pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua vipokezi vya mguso. Yaani swali ambalo mtu yeyote anaweza kujiuliza akiwa jikoni, "mbona inaunguza na haina moto?", ndilo lililofika hadi Stockholm.

Ukali siyo ladha

Hapa wengi wanachanganya. Utamu, uchumvi, uchachu na uchungu ni ladha. Kwenye sehemu ya mbele ya ulimi, habari za ladha zinabebwa na neva ya saba. Ukali wa pilipili unabebwa na neva ya tano, ileile ya maumivu.

Ushahidi wake ni rahisi. Ukiweka sukari jichoni, huwezi kuhisi utamu, kwa sababu jicho halina vionjo. Pilipili jichoni unaihisi, tena vibaya kuliko mdomoni. Kioo cha jicho kina ncha nyingi za neva, mara mia kadhaa zaidi ya ngozi ukilinganisha eneo kwa eneo. Kidoa ambacho kidole hakikihisi kabisa, jicho linakisikia kama kaa la moto.

Vitunguu, moshi na mabomu ya machozi

Kijana wetu alishalia kabla hata hajashika pilipili. Kitunguu kinatumia njia nyingine.

Ukikata kitunguu, seli zake zinapasuka na vitu vilivyokuwa vimetengwa vinakutana. Matokeo yake ni hewa yenye salfa inayopaa hadi machoni. Hewa hiyo inafungua mlango mwingine wa neva ya tano, unaoitwa TRPA1. Huu siyo wa kupima moto. Ni kengele ya kemikali zinazowasha na kuchoma.

Mlango huohuo unafunguliwa na moshi wa kuni. Kuni zinapoungua zinatoa kemikali iitwayo akrolini, na hiyo ndiyo mojawapo ya sababu ya macho kuwasha na kutoa machozi ukiinamia mafiga. Mabomu ya machozi yanayotumiwa na polisi sehemu nyingi duniani, ya aina ya CS, nayo yanapitia hapo hapo. Dawa ya kujilinda ya kupuliza usoni, ile inayotengenezwa kwa pilipili, inarudi kwenye mlango wa moto.

Njia ni tofauti lakini mwisho ni mmoja. Neva ya tano inapiga kengele, ya saba inafumba macho. Na kwa moshi, kengele siyo ya uongo. Unachoambiwa na macho yako ni kwamba hewa hiyo haifai, wala kwa mapafu.

Upande wa pili wa mlima, tembo nao wanalia

Kutoka Machame, ukishuka hadi Boma Ng'ombe na kupanda kupitia Sanya Juu, unaingia Kilimanjaro Magharibi. Huku vihamba vya migomba vinaisha na nchi inafunguka kuwa mashamba na malisho. Hapa kuna Enduimet, eneo la jamii la hifadhi ya wanyamapori. Ni njia ya tembo wanaotembea kati ya msitu wa Kilimanjaro na mbuga za Amboseli, Kenya.

Kwa mkulima, usiku mmoja wa tembo unaweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Ada za watoto, chakula cha mwaka na deni la mbegu, vyote vimesimama kwenye mahindi yale. Na anayetoka gizani kumkabili tembo kwa mkuki au mawe anaweza asirudi. Tembo naye anaweza kuuawa kwa kulipiziwa kisasi.

Ndipo pilipili ilipoingia. Shirika la Honeyguide, linalofanya kazi na jamii za kaskazini mwa Tanzania, limefundisha walinzi wa vijiji kutumia vifaa kwa hatua. Kwanza tochi yenye mwanga mkali. Tembo akikaidi, honi. Akikaidi tena, bomu la pilipili: unga wa pilipili uliochanganywa na udongo, ukafungwa ndani ya kondomu pamoja na baruti ndogo. Likilipuka, linatoa kishindo na wingu la unga hewani. Hatua ya mwisho ni fataki.

Kwa nini lifanye kazi kwa mnyama mwenye ngozi nene vile? Kwa sababu bomu halilengi ngozi. Linalenga mkonga.

Mkonga ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana, kwa hiyo unahudumiwa na neva zilezile mbili. Tawi la neva ya tano linaloleta hisia kutoka kwenye mkonga ni nene kuliko neva ya jicho la tembo. Kwa upande wa amri, watafiti wa Berlin walitangaza mwaka 2022 kwamba tembo wa Afrika ana seli zipatazo 63,000 kwenye kituo cha ubongo kinachoendesha neva ya saba, nyingi zikiwa ni kwa ajili ya mkonga.

Tembo anaijua dunia kwa kuivuta puani. Wingu la pilipili linapokuwa hewani, anavuta kapsaisini moja kwa moja kwenye sehemu yake yenye hisia kali kuliko zote. Kengele inalia, na anaondoka. Hajajeruhiwa, na mahindi yamebaki.

Ziko njia nyingine zinazotumia kanuni hiyo. Baadhi ya wakulima nchini wanazungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili. Wengine wanachoma matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, moshi ukaelekea upande ambao tembo wanatokea.

Siyo dawa ya kila kitu. Mvua inaosha kamba, upepo unaweza kugeuka na moshi ukamrudia mwenye shamba, na tembo ni mnyama mwerevu anayejaribu tena kesho. Kamba isiyopakwa upya inabaki kamba tu. Pilipili inasaidia palipo na watu wanaolinda kwa zamu.

Wanyama wasioisikia

Kama pilipili ni kali hivi, mbona ndege wanaila?

Ndege nao wana kipokezi cha joto, lakini umbo lake ni tofauti kidogo na ufunguo wa kapsaisini hauingii. Kwao pilipili ni tunda tu. Na mmea unafaidika, kwa sababu mamalia wanazitafuna na kuzisaga mbegu, wakati ndege wanazimeza nzima na kwenda kuziangusha mbali. Ndiyo maana mche wa pilipili kichaa unaweza kuota pembeni ya kihamba bila mtu kuupanda.

Mwingine ni jirani yetu wa Afrika Mashariki: fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia. Siyo yule fuko mwenye manyoya anayekula viazi shambani. Huyu anaishi kwenye mashimo yenye msongamano, ambako hewa chafu na harufu ya mkojo vinaweza kuwa vikali kiasi cha kumtoa mnyama mwingine machozi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, na wa Berlin walichapisha mwaka 2008 kwamba fuko huyu hahisi maumivu ya asidi wala ya kapsaisini kwenye ngozi. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba anavumilia mvuke wa amonia kwa namna ya kushangaza. Kipokezi cha pilipili anacho. Kinachokosekana kwenye neva zake, ikiwemo ya tano, ni baadhi ya kemikali za kupokezana ujumbe wa maumivu. Kengele ipo, ila waya umekatwa njiani.

Ikikupata, fanya hivi

Kapsaisini inapenda mafuta na haiyeyuki vizuri kwenye maji. Jambo hilo moja linaamua karibu kila kitu.

Mdomoni: Kunywa maziwa au mtindi. Protini ya maziwa inaibeba kapsaisini na kuiondoa kwenye ulimi. Maji yanaisambaza tu, na chai ya moto inaongeza mateso.

Mikononi: Paka mafuta ya kula kidogo, sugua, kisha nawa kwa sabuni na maji mengi. Fanya hivyo kabla ya kugusa jicho, pua, sehemu za siri au kumbeba mtoto.

Jichoni: Usisugue. Nawa mikono, toa lenzi kama umevaa, kisha osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi. Usiweke maziwa, mafuta, asali wala majani. Vinaweza kupeleka vijidudu kwenye jicho lililokwisha kusumbuka.

Kwenye moshi au vumbi la pilipili: Toka nje, upate hewa. Mwenye pumu awe mbali kabisa unapokaanga au kusaga pilipili.

Maumivu ya pilipili kwa kawaida hupungua yenyewe. Yakiendelea kwa saa kadhaa, ukiona ukungu, au mwanga ukikuumiza, nenda hospitali. Na kama kilichoingia siyo pilipili bali ni saruji, chokaa, maji ya betri au dawa ya kusafishia choo, hiyo ni dharura. Hapo jicho linaungua kweli. Osha palepale, kisha kimbia hospitali yenye huduma ya macho. Kwa mkoa wa Kilimanjaro, KCMC ya Moshi ina idara hiyo.

Kengele ikiharibika

Kuna faida moja ya uongo huu wa pilipili. Neva ikidanganywa sana, inachoka na kunyamaza. Ndiyo maana mla pilipili wa kila siku anatafuna kile kinachomliza mgeni. Madaktari wametumia tabia hiyo: tangu 2009 Marekani na Ulaya zimeidhinisha kiraka chenye asilimia 8 ya kapsaisini kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kinabandikwa na wataalamu, na hakiwekwi usoni. Kusaga pilipili kichaa na kupaka nyumbani siyo tiba hiyo.

Lakini kengele isiyolia, au mlango usiofunga, ni hatari. Mtu anaweza kuamka asubuhi upande mmoja wa uso umelegea, mdomo umekwenda upande, jicho halifumbi. Mtaani watasema amepigwa na upepo mbaya au amerogwa. Mara nyingi ni neva ya saba imevimba. Ya tano bado inapiga kelele vumbi na moshi vikiingia, ila hakuna wa kufunga mlango, na jicho linaweza kukauka na kupata vidonda.

Dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72, kwa hiyo siku tatu za kuzunguka kwa waganga ndizo siku zinazohitajika hospitali. Na kama kulegea kwa uso kumekuja pamoja na mkono kukosa nguvu au maneno kutotoka vizuri, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Hapo ni kwenda saa hiyohiyo.

Daktari ana kipimo rahisi. Anagusa kioo cha jicho kwa kipande kidogo cha pamba. Ukipepesa, neva ya tano imesikia na ya saba imejibu.

Kijana wa Machame amefanyiwa kipimo hicho bila kujua, kwa pilipili mbuzi. Amefaulu. Baada ya robo saa bombani jicho bado jekundu, lakini linafumbua. Bibi anamnyooshea kipande cha sabuni kabla hajarudi kwenye kachumbari.